Jemadari wa Sultani

Wapitao Darajani kila siku, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ni wachache wanaolikumbuka jina la Lloyd Mathews, ijapokuwa lilivuma Unguja kwa zaidi ya miaka 20.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira, akaingia Jeshi la Majini la Uingereza angali mtoto. Mwaka 1875 alifika Unguja katika manowari London, iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Seyyid Barghash alimtaka amwundie jeshi la mtindo wa Kizungu. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii, na mwaka 1881 akawa Jemadari wa Sultani. Mwaka huo huo aliwaandama hadi Wete, Pemba, wachuuzi wa watumwa waliomwua Kapteni Brownrigg.

Himaya ya Waingereza iliingia mwaka 1890. Mwaka uliofuata Mathews akawa Waziri wa Kwanza. Tarehe 27 Agosti 1896, Seyyid Khalid akiwa amelishika kasri, Mathews na askari wake walisimama upande wa manowari za Uingereza. Katika muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid huyo alikuwa mwana wa Barghash, yule aliyemwajiri.

Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897, naye akiwa bado Waziri. Alifariki Oktoba 1901, akazikwa hapa hapa Unguja.

Ushupavu wake hatuukanushi. Lakini maisha yake yanatukumbusha kwamba nchi inayoazima majemadari huazima pia utii wao, na cha kuazima, siku ya haja, hurudi kwa mwenyewe.