Mwana wa daktari wa Freetown aliyeuza kazi yake kwa gini 15

WAULIZE wapenzi wa muziki wa okestra wanasikiliza nini siku hizi, na wengi watakutajia majina yale yale ya miaka nenda miaka rudi: Bach, Mozart, Beethoven, Brahms. Hata hivyo, kuna jina jingine ambalo limekuwa likitajwa mara kwa mara katika miaka ya karibuni, nalo ni Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi Mwingereza ambaye babake alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone.

Kusema kweli jina hilo limerejea tu. Kulikuwa na wakati ambapo kazi yake moja iliimbwa kote Uingereza kiasi cha kushindana na Messiah ya Handel, ile ambayo kwaya nyingi za Afrika Mashariki huimba kipande chake cha Haleluya kila Krismasi.

Coleridge-Taylor alizaliwa Holborn, jijini London, Agosti 15, 1875. Babake, Daniel Taylor, alikuwa kijana wa Freetown aliyefika Uingereza kusomea udaktari. Alirejea Afrika Magharibi miezi michache kabla ya mtoto kuzaliwa, yumkini bila kujua kwamba alimwacha mpenzi wake akiwa mjamzito. Baadaye alikuwa afisa wa kuchunguza vifo nchini Gambia. Hakushiriki kwa vyovyote katika malezi ya mwanawe.

Mamake, Alice, hakuwa ameolewa. Alimpa mtoto jina la mshairi maarufu Samuel Taylor Coleridge, akiyapindua kidogo majina hayo. Kistari kinachounganisha majina mawili ya mwisho kilikuja baadaye, na inasimuliwa kwamba kilitokana na kosa la mpiga chapa ambalo mwenyewe alilipenda, akaliacha.

Mtoto alilelewa Croydon, kusini mwa London, katika nyumba ya watu wa kipato cha chini. Babu yake mzaa mama alikuwa fundi wa kupigilia farasi vyuma vya kwato. Mzee huyo ndiye aliyemnunulia fidla ndogo na kumfunza hatua za kwanza. Shuleni wenzake walimtania kwa rangi yake, wakimfananisha na makaa. Lakini kwenye kwaya ya kanisa sauti na fidla yake vilimvutia kanali mmoja aliyeitwa Herbert Walters, na ndiye aliyemfungulia njia. Mwaka 1890, akiwa na miaka 15, Coleridge-Taylor aliingia Chuo cha Kifalme cha Muziki jijini London.

Aliingia kama mpiga fidla. Punde si punde akahamia utunzi, chini ya mwalimu mkali Charles Villiers Stanford. Miongoni mwa wanafunzi wenzake walikuwa Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, ambao baadaye wangekuwa nguzo za muziki wa Uingereza. Siku moja mwanafunzi fulani alimtusi kijana huyo kwa sababu ya rangi yake. Stanford alimtuliza Coleridge-Taylor kwa kumweleza kwamba kipaji kilichomo katika kidole chake kidogo kilizidi chote alichokuwa nacho aliyemtusi.

Mwalimu huyo huyo aliwahi kudai darasani kwamba baada ya Brahms, hakuna atakayeweza kuandika kwinteti ya klarineti bila kumwiga. Mwaka 1895 mwanafunzi wake alimletea moja, na alama za Brahms hazikuonekana humo. Stanford aliibeba hadi Berlin, ambako Joseph Joachim, rafiki mkubwa wa Brahms na mpiga fidla aliyeheshimika Ulaya nzima, aliipiga na wenzake.

Mwaka 1898 ndio uliobadili maisha yake. Edward Elgar alikuwa ameombwa kipande kipya kwa ajili ya tamasha kubwa mjini Gloucester. Akasema ameelemewa na kazi, akapendekeza kwamba nafasi apewe Coleridge-Taylor, akimtaja kuwa hodari kuliko vijana wote wa rika lake. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ballade katika A ndogo, ambayo wasikilizaji waliishangilia Septemba mwaka huo.

Miezi miwili baadaye, Novemba 11, kwaya na okestra ya chuo chake ilitumbuiza Hiawatha's Wedding Feast, kantata inayotokana na shairi refu la Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow kuhusu shujaa wa Wahindi Wekundu. Stanford ndiye aliyeongoza. Arthur Sullivan, mtunzi aliyekuwa maarufu kupindukia wakati huo, alikuwa mgonjwa lakini alifika kusikiliza. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 23.

Kwaya za miji na vijiji ziliipapia kazi hiyo kwa sababu haikuwa ngumu kuimbwa na watu wasio wataalamu, na bado ilikuwa na uhai. Noti zake zilichapishwa na kuuzwa kwa mamia ya maelfu. Ilivuka bahari hadi Marekani. Na hapa ndipo panapouma: Coleridge-Taylor alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa kampuni ya uchapishaji ya Novello, kwa gini 15. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja, kwa hiyo alipata pauni 15 na shilingi 15, basi. Mauzo yalipopaa, senti zake hazikupaa nayo.

Haikuwa wizi. Ndivyo biashara ilivyokuwa, na kijana asiye na jina wala akiba hakuwa na nguvu ya kuvutana na mchapishaji. Mwanamuziki wa kwetu aliyewahi kumwachia prodyusa wimbo kwa bei ya nauli na chakula cha mchana anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Aliongeza sehemu mbili nyingine za Hiawatha, na mwaka 1900 zote tatu zikaimbwa pamoja katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Mwishoni mwa 1899 alikuwa amefunga pingu za maisha na Jessie Walmisley, aliyesoma naye chuoni. Wazazi wa Jessie walipinga ndoa hiyo hadi dakika za mwisho kwa sababu ya rangi ya bwana harusi. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, walimpa jina la Hiawatha.

Nasaba ya Kiafrika ambayo babake hakukaa kumfunza, aliitafuta mwenyewe akiwa mtu mzima. Alifanya kazi na mshairi Mmarekani Mweusi Paul Laurence Dunbar alipozuru London. Kutoka kwa Frederick Loudin, kiongozi wa waimbaji wa Fisk Jubilee, alijifunza kuzithamini nyimbo za kiroho za watumwa. Julai 1900 alihudhuria Kongamano la Kiafrika lililofanyika London, ambako W.E.B. Du Bois pia alikuwepo, na akasimamia upande wa muziki.

Matunda ya safari hiyo ni kitabu cha piano cha mwaka 1905, 24 Negro Melodies, ambacho dibaji yake iliandikwa na Booker T. Washington. Wengi hukijua kwa nyimbo za Wamarekani Weusi. Wachache hutambua kwamba ndani yake mna pia nyimbo za Waronga wa pwani ya Msumbiji, eneo la Maputo ya sasa, zilizokusanywa na mmishonari wa Uswisi Henri Junod. Wimbo wa mwanamke anayelalamika kwamba hakuna anayemwazima mtoto wa kubeba ulisafiri kutoka kijiji cha Msumbiji hadi kwenye piano za sebule za Uingereza.

Marekani ilimpokea kama mfalme. Huko Washington, waimbaji Weusi walikuwa wameunda kwaya yenye jina lake tangu 1901, na mwaka 1904 alikwenda kuiongoza yeye mwenyewe. Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu. Alirudi huko 1906 na 1910. Katika nchi ambayo ubaguzi ulikuwa sheria, wanamuziki Wazungu walikaa mbele ya kiongozi Mweusi na kufuata mkono wake.

Nyumbani maisha yalikuwa mbio. Alifundisha vyuoni, aliongoza kwaya na okestra, aliamua mashindano miji mbalimbali, aliandika muziki wa tamthilia za ukumbi wa His Majesty's, na usiku akatunga. Matusi ya mitaani hayakukoma. Mwaka wa 1912 aliliandikia gazeti la Croydon kupinga maneno ya dharau yaliyotolewa kuhusu watu Weusi katika mkutano wa hadhara, na hakuandika kwa upole.

Mwaka huo huo alikamilisha konserto ya fidla kwa ajili ya Mmarekani Maud Powell. Noti za kwanza zilipotea zikisafirishwa, ikabidi ziandikwe upya. Powell aliipiga jimboni Connecticut mwezi Juni, mtunzi akiwa mbali.

Mwishoni mwa Agosti alianguka katika kituo cha gari moshi cha West Croydon. Alijikokota hadi nyumbani, akalala kitandani. Mnamo Septemba 1, 1912, nimonia ilimuua. Alikuwa na miaka 37, mke na watoto wawili. Oktoba, konserto yake ikasikika London kwa mara ya kwanza.

Tamasha la kumchangia mjane lilifanyika Royal Albert Hall, na Mfalme George wa Tano akampa Jessie pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Wanamuziki wenzake walikasirika kuona mjane wa mtu aliyewatajirisha wengine akihitaji mchango. Hasira hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyochochea kuundwa kwa shirika la Performing Right Society mwaka 1914, linalowakusanyia watunzi mirabaha kila kazi zao zinapopigwa hadharani. Mashirika ya namna hiyo tuliyo nayo Afrika Mashariki, pamoja na lawama zao zote, yalifuata mfano huo.

Kuanzia 1924 hadi 1939 Hiawatha ilichezwa karibu kila mwaka Royal Albert Hall, mamia ya waimbaji wakivaa ngozi na manyoya. Vita vilipoisha, mtindo ukawa umepita, na mtunzi akasahaulika.

Bintiye, Avril, naye alikuwa mtunzi na kiongozi wa okestra. Alikwenda Afrika Kusini mwaka 1952, na kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyeupe alipokelewa kama Mzungu. Hata utawala wa ubaguzi hakuuona kuwa tatizo. Serikali ilipogundua babu yake alikuwa nani, ikamzuia kufanya kazi yake. Alirudi Uingereza, akafariki 1998.

Opera yake Thelma, iliyodhaniwa imepotea, ilipatikana katika maktaba ya taifa ya Uingereza na kuchezwa Croydon mwaka 2012, karne moja baada ya kifo chake. Okestra ya Chineke!, iliyoanzishwa na Chi-chi Nwanoku mwaka 2015 kwa ajili ya wanamuziki Weusi na wa makabila mengine madogo, imezirekodi kazi zake kadhaa.

Msomaji anayetaka kuanza asianze na Hiawatha, ambayo ni ndefu. Aanze na Ballade, isiyofika robo saa, kisha kwinteti ya klarineti. Konserto ya fidla aiweke mwisho, aisikilize usiku kelele za barabarani zikiisha.