Blagoje Vidinić: Kipa aliyeisimamia Afrika katika Kombe la Dunia mara mbili

Wapo makocha katika historia ya soka la Afrika ambao aibu ya siku moja imefunika kazi yao ya miaka mingi. Mmoja wao ni hayati Blagoje Vidinić, mlinda mlango wa zamani wa Yugoslavia aliyefariki dunia Desemba 29, 2006 mjini Strasbourg, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 72.

Kila zinapokaribia fainali za Kombe la Dunia, hutajwa mabao 9 ambayo Zaire ilifungwa na Yugoslavia Juni 18, 1974 bila ya wao kupata hata moja. Kocha wa Zaire siku hiyo alikuwa Vidinić, na waliomfunga walikuwa ndugu zake wa damu na wa lugha.

Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekaa kwenye benchi siku bara la Afrika lilipojipatia pointi yake ya kwanza katika mashindano hayo. Ndiye pia aliyeiongoza timu ya kwanza kutoka kusini mwa jangwa la Sahara kucheza fainali za dunia.

Vidinić alizaliwa Juni 11, 1934 katika mji wa Skopje, ambao leo ni makao makuu ya Masedonia Kaskazini lakini wakati ule ulikuwa sehemu ya Yugoslavia. Ni mwaka huo huo ambapo Misri ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia, ikatolewa na Hungary kwa mabao 4-2 katika mchezo wake wa kwanza na wa mwisho.

Alianzia kulinda lango la Vardar, klabu ya mji wake, kabla ya kuhamia Belgrade, ambako alizichezea Radnički, Partizan na OFK. Alikuwamo katika kikosi cha Yugoslavia kilichotwaa medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na pia katika kile kilichotwaa dhahabu mjini Rome mwaka 1960.

Mwaka huo wa 1960 ndio uliomwonjesha utamu na uchungu wa kazi ya ukipa kwa pamoja. Julai 10, katika fainali ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Ulaya iliyochezwa jijini Paris, alisimama langoni dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Yugoslavia ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa bao la Milan Galić.

Mara baada ya kuanza kwa kipindi cha pili, kombora la mbali lilimponyoka mikononi, na Slava Metreveli akaukuta mpira na kusawazisha. Katika muda wa nyongeza Viktor Ponedelnik akafunga kwa kichwa, na kombe likaenda Moscow. Miezi miwili baadaye wenzake waliilaza Denmark mabao 3-1 na kurudi nyumbani na dhahabu ya Olimpiki.

Hiyo ndiyo hali ya mlinda mlango popote duniani. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja huitwa shujaa. Kipa akiokoa mara tano na kuponyokwa mara moja, lile moja ndilo linaloandikwa. Vidinić aliijua sheria hiyo akiwa na glavu mikononi, na baadaye ikamfuata hata alipokuwa amezivua.

Alimalizia uchezaji wake mbali na nyumbani. Aliichezea Sion ya Uswisi, kisha akavuka bahari kwenda Marekani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alilinda milango ya timu za Los Angeles, San Diego na St. Louis. Kutoka huko safari yake ikaelekea Afrika.

Wakati huo Afrika ilikuwa imetoka katika mgogoro mkubwa na Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA. Nchi za bara hili zilizisusia fainali za mwaka 1966 zilizofanyika Uingereza, zikidai kwamba haikuwa haki mshindi wa Afrika kulazimishwa kupambana tena na timu za mabara mengine. Kilio hicho kilisikika, na kwa fainali za mwaka 1970 nchini Mexico Afrika ikapewa nafasi moja ya uhakika.

Nafasi hiyo iliangukia kwa Morocco, na Vidinić ndiye aliyekwenda nayo Mexico akiwa kocha. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko tangu Misri ya mwaka 1934.

Juni 3, 1970, katika mji wa León, Morocco ilikutana na Ujerumani Magharibi, timu iliyokuwa imecheza fainali miaka minne kabla. Wengi walitarajia mvua ya mabao. Badala yake, katika dakika ya 21, Houmane Jarir aliifungia Morocco bao la kuongoza, na Wajerumani wakahangaika hadi kipindi cha pili ndipo Uwe Seeler alipowasawazishia. Gerd Müller alipachika bao la ushindi zikiwa zimesalia dakika 10.

Morocco ilifungwa 3-0 na Peru katika mchezo wa pili, na hivyo ikawa imetolewa. Lakini Juni 11, siku Vidinić alipokuwa akitimiza miaka 36, vijana wake walitoka nyuma na kwenda sare ya 1-1 na Bulgaria kwa bao la Maouhoub Ghazouani. Hiyo ikawa pointi ya kwanza kwa timu ya Afrika katika fainali za Kombe la Dunia.

Baada ya Morocco, Vidinić alikwenda Zaire, jina ambalo Kongo ya Kinshasa ilipewa na Rais Mobutu Sese Seko mwaka 1971. Mobutu alikuwa akiutumia mchezo huu kuitangazia dunia taifa lake. Timu ya taifa, ambayo kwa jina la Simba ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968, ilipewa jina jipya la Chui.

Kocha huyo hakuikuta nchi isiyojua mpira. Klabu ya Lubumbashi inayojulikana leo kama TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na AS Vita ya Kinshasa ikawa bingwa mwaka 1973. Kutoka Lubumbashi walipatikana kipa Kazadi Mwamba na beki Mwepu Ilunga, na kutoka Vita mshambuliaji Ndaye Mulamba.

Katika mchujo wa Kombe la Dunia, Zaire iliziondoa Togo, Cameroon na Ghana. Ghana ilishinda 1-0 mjini Accra, lakini ikazabwa 4-1 ilipokwenda Kinshasa. Katika hatua ya mwisho ya timu tatu, Zaire iliifunga Zambia nyumbani na ugenini, kisha Desemba 1973 ikaitandika Morocco, timu ya zamani ya kocha wao, mabao 3-0. Morocco ililalamikia mchezo huo na kukataa kucheza ule wa marudiano. Tiketi ya Ujerumani Magharibi ikabaki Kinshasa.

Machi 1974, kabla ya kwenda Ulaya, Chui walikwenda Misri kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika. Walifungwa na majirani zao wa Kongo Brazzaville katika hatua ya makundi, lakini wakasonga mbele. Katika nusu fainali wenyeji Misri walitangulia kwa mabao mawili, na Zaire ikageuza matokeo na kushinda 3-2.

Fainali dhidi ya Zambia ilimalizika kwa sare ya 2-2 baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Zaire ilishinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao 9, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo katika fainali moja za kombe hilo.

Vidinić alikuwa amefika kilele cha kazi yake. Alikuwa bingwa wa Afrika na mwakilishi wa bara zima katika Kombe la Dunia, kwa mara ya pili mfululizo.

Kura ya makundi ikamtupa katika mtego. Zaire ilipangwa pamoja na Scotland, Brazil na Yugoslavia. Juni 14 mjini Dortmund, Scotland ilishinda 2-0, matokeo ambayo hayakuwa ya kudharaulika kwa timu changa. Kilichowaharibu Chui hakikutoka uwanjani.

Kwa mujibu wa simulizi za wachezaji wenyewe katika miaka ya baadaye, kabla ya mchezo wa pili waliarifiwa kwamba posho walizoahidiwa hazitalipwa. Fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa viongozi waliofuatana na msafara. Wachezaji walitishia kugoma, na walipoingia uwanjani mjini Gelsenkirchen miili yao ilikuwapo lakini nyoyo zao hazikuwapo.

Katika dakika 18 za kwanza Yugoslavia ilikuwa imefunga mara tatu. Ndipo lilipotokea jambo ambalo Vidinić aliulizwa maisha yake yote. Alimtoa Kazadi, aliyekuwa miongoni mwa makipa hodari wa Afrika, bila ya kuumia, na kumwingiza Tubilandu Ndimbi, mtu wa kimo kifupi. Mpira wa kwanza ambao Tubilandu aliugusa ulikuwa ule alioutoa wavuni.

Katika vurugu iliyofuata bao la nne, Ndaye alitolewa kwa kadi nyekundu, na wachezaji wakadai baadaye kwamba mwamuzi alimwadhibu asiyehusika. Hadi mapumziko yalikuwa 6-0, na filimbi ya mwisho ilipolia yalikuwa 9-0.

Minong'ono ilianza hapo hapo. Ilisemwa kwamba kocha amewauza vijana wake kwa nchi aliyozaliwa, kwamba kipa wa zamani hawezi kumtoa kipa mzuri kwa bahati mbaya. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumbadilisha Kazadi ilitoka kwa ofisa wa serikali aliyekuwa pamoja na timu. Katika Zaire ya Mobutu, amri ya namna hiyo haikuwa ya kujadiliwa.

Hoja ya usaliti haina nguvu ikitazamwa pamoja na mambo mengine. Kabla ya badiliko hilo mabao matatu yalikwisha kuingia, timu ilikuwa imevunjika moyo kwa sababu ya fedha, na nusu nzima ya mchezo ilichezwa na watu kumi. Kosa la Vidinić, kama lipo, ni la kukubali maamuzi ya kiufundi yafanywe na watu wasioujua mpira. Kosa hilo amelishiriki na makocha wengi wa timu za taifa barani Afrika, kabla yake na baada yake.

Ilibaki Brazil, mabingwa watetezi, Juni 22. Wachezaji walisimulia kwamba walinzi wa Rais waliwaonya kuwa wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasirudi nyumbani. Kazadi alirudishwa langoni. Hadi mapumziko Brazil ilikuwa na bao moja tu, na ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili iipite Scotland, kwa kuwa timu zote tatu zilikuwa zikielekea kulingana kwa pointi.

Ni katika mchezo huo Mwepu Ilunga alipochomoka kutoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa na wenyewe. Dunia ilicheka, ikidhani Mwafrika hajui sheria. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba sheria aliijua vizuri, na kwamba ile ilikuwa hasira dhidi ya viongozi wake. Mabao yakafika matatu na hayakuzidi, la mwisho likiwa shuti hafifu la Valdomiro lililompita Kazadi chini ya mwili.

Zaire ilirudi nyumbani ikiwa imefungwa mabao 14 bila kufunga hata moja. Hamu ya Mobutu na kandanda ilipoa, na nyota wengi wa kikosi kile waliishia katika dhiki. Ndaye Mulamba mwenyewe aliishia ukimbizini Afrika Kusini, ambako alifariki mwaka 2019.

Vidinić aliondoka Afrika na mwishoni mwa miaka ya 1970 aliinoa timu ya taifa ya Colombia. Alikuwa pia na uhusiano wa karibu na kampuni ya vifaa vya michezo ya Adidas, na inasimuliwa kwamba ndiye aliyemdokeza kiongozi wake, Horst Dassler, kuwa João Havelange wa Brazil ndiye angeshinda urais wa FIFA mwaka 1974. Havelange alishinda kweli, kwa msaada mkubwa wa kura za Afrika, na idadi ya nafasi za bara hili katika Kombe la Dunia ikaongezeka katika miaka ya utawala wake.

Miaka yake ya mwisho aliishi Ufaransa. Mwaka 2022 Morocco ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kocha huyo alikuwa kaburini kwa karibu miaka 16. Safari ile ya Qatar ilikuwa na mwanzo wake, na sehemu ya mwanzo huo ni pointi moja iliyopatikana León, siku ya kuzaliwa ya kipa kutoka Skopje.