Grace Hopper na Maktaba ya Mashine

Ukipanda kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga mvua zinapokaribia kwisha, utaona mashamba yaliyojaa vilima vidogo vya udongo. Hayo ndiyo matuta ya Wafipa, yaitwayo ntumba. Mkulima wa Ufipa hufukia majani chini ya udongo ili yaoze na kuwa mbolea, kisha hupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata huyasambaza matuta hayo, akapanda ulezi au mahindi.

Sasa fikiri kwamba shamba la shule yako lina matuta 100, na kila tuta lina namba yake. Mwalimu amekuandikia maagizo daftarini: anza tuta la 1 upande maharage, nenda tuta la 4 ung'oe magugu, kisha rudi tuta la 2 umwagilie maji. Maagizo hayo ni mazuri. Darasa la Sita nao wanataka kuyatumia, lakini sehemu yao inaanzia tuta la 41. Watafanyaje? Itawabidi waongeze 40 juu ya kila namba: 1 iwe 41, 4 iwe 44, na 2 iwe 42. Wakisahau kuongeza mahali pamoja tu, watamwagilia maji tuta la wenzao na lao litakauka.

Kosa dogo kama hilo lilimsumbua sana mwanamke mmoja wa Marekani, naye hakutulia mpaka alipolipatia dawa. Jina lake ni Grace Hopper.

Grace alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba, 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Akaifungua, na vyuma vikamtawanyika. Akachukua ya pili ili aone vilivyopangwa, nayo ikawa vivyo hivyo, hata akazimaliza saa saba zilizokuwamo nyumbani. Mama yake hakumkataza kuchunguza. Alimruhusu tu abaki na saa moja ya kufungua. Baadaye Grace alisoma hisabati na fizikia, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na akawa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Vassar.

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia nchi yake, aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Kwanza alikataliwa. Umri wake ulikuwa umezidi kiwango, na uzito wake ulipungua kilo 7 hivi. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwezi Desemba, 1943, alipokelewa. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, akaonyeshwa mashine yenye urefu wa mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4. Hiyo ilikuwa Mark I, moja ya kompyuta za kwanza duniani. Ilifuata maagizo yaliyotobolewa katika utepe wa karatasi, na hesabu zake zilitumiwa na jeshi vitani. Unaweza kufahamu mwenyewe hatari ya hesabu iliyokosewa mahali kama hapo.

Grace na wenzake walikuwa na madaftari. Mtu akiandika maagizo ya hesabu fulani, yakajaribiwa na kuonekana kuwa sahihi, aliyahifadhi daftarini mwake. Mwenzake akiyahitaji, aliyanakili kwa mkono. Na hapo ndipo yalipozuka mambo ya matuta yetu. Maagizo yalihesabiwa kuanzia mwanzo wa kipande chake, lakini katika kazi mpya kipande kilianzia mahali pengine, kwa hiyo kila namba ya mahali ilibidi iongezwe. Watu hao walikuwa mabingwa wa hisabati, lakini walikosea kujumlisha na walikosea kunakili. Grace aliona jambo la kushangaza: mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kujumlisha ilikuwa imekaa ikiwasubiri wanadamu wajumlishe!

Mwaka 1949 alihamia mji wa Philadelphia, kwenye kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta iitwayo UNIVAC. Huko alivikusanya vipande vyote vilivyokwisha kuthibitishwa, akaviweka pamoja katika kanda ya sumaku. Kila kipande alikipa namba ya kukiitia, kama vile kitabu cha maktaba kinavyopewa namba. Kisha akatunga programu ya ajabu. Mtu aliandika namba za vipande alivyovitaka, na programu hiyo ikavitafuta katika kanda, ikavinakili, ikavipangia mahali katika kumbukumbu ya mashine, na kuzirekebisha namba zote bila kusahau hata moja. Aliiita kikusanyaji, kwa sababu ilikusanya. Ilifanya kazi mwaka 1952.

Kulikuwa na tatizo moja gumu. Kumbukumbu ya UNIVAC ilikuwa na nafasi 1,000 tu, na kikusanyaji kilipitia maagizo mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, agizo likisema nenda kwenye kipande kilicho mbele, ambacho bado hakijapangiwa mahali, itakuwaje? Grace alipata jibu katika mpira wa kikapu. Alipokuwa msichana, sheria za wanawake hazikumruhusu mchezaji kukimbia na mpira, kama zisivyoruhusu leo katika netiboli. Mchezaji alimtupia mwenzake mpira, akakimbia mbele, kisha akarudishiwa. Basi Grace alitenga kona ndogo mwishoni mwa kumbukumbu, mahali panapojulikana daima. Agizo lililokosa mahali pa kwenda lilipelekwa kwenye kona hiyo. Kipande kilipopata mahali pake, kikusanyaji kiliacha konani agizo la pili, lililoonyesha njia. Mgeni aliyehamia Sumbawanga, ambaye bado hajapata nyumba, hufanya vivyo hivyo: barua zake hupelekwa kwenye sanduku la posta, naye akipata nyumba huzifuata huko.

Kwa muda mrefu watu hawakutaka kuitumia programu hiyo. Walimwambia kwamba kompyuta hujua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Nadhani wengine waliona fahari kuwa wao peke yao ndio walioijua kazi hiyo ngumu. Grace hakubishana sana, bali aliendelea. Alitunga lugha ya kuiagiza mashine kwa maneno ya Kiingereza, na ili kuthibitisha kwamba mashine haijali maneno ni ya taifa gani, alionyesha programu ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa wake walishtuka. Hata Kiswahili kingefaa, maana mashine ingekipokea bila wasiwasi wowote. Lugha yake ilikuwa msingi mmoja wa lugha ya COBOL, iliyotungwa na kamati ya watu wengi kuanzia mwaka 1959.

Nchini kwetu kompyuta ya kwanza iliwekwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini. Baadaye katazo hilo liliondolewa.

Leo, lugha ya programu inapowekwa katika kompyuta, huja na mafaili mengi: mfasiri wake, na maktaba ya vipande vilivyokwisha kuandikwa. Yawekwe wapi? Si popote mtu apendapo. Kompyuta ina orodha ya mahali pa kutafuta, nayo hutafuta kwa kufuata orodha hiyo. Ukiyaweka nje ya orodha, mafaili yamo lakini hayaonekani. Ukiweka maktaba mbili zenye jina moja, itatumika ile itakayokutwa kwanza, hata ikiwa ni ya zamani. Kwa sababu hiyo, katika mifumo mingi, mafaili yaliyokuja na mfumo huwa na folda zake, na yale yaliyoongezwa na mwenye kompyuta huwekwa katika folda nyingine, ili mfumo unapofanywa upya usiyafute.

Grace Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari, 1992. Katika miaka yake ya uzee alipokwenda kufundisha alichukua vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, akawagawia wasikilizaji. Huo ndio umbali mkubwa kabisa ambao umeme unaweza kusafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hivyo aliwaonyesha kwamba hata ndani ya mashine, kitu kilichowekwa mbali huchelewa kufika.

Kata nawe uzi wa sentimita 30. Uwanja wenu ukiwa na urefu wa mita 90, nyuzi ngapi kama huo zitatosha kuuvuka?