Ota Benga

Ota Benga (takriban 1883 – 20 Machi 1916) alikuwa Mbilikimo kutoka misitu ya Kongo anayejulikana hasa kwa kuoneshwa hadharani nchini Marekani.

Alipokuwa kijana meno yake ya mbele yalichongwa yakawa na ncha kali, kadiri ya desturi ya watu wake.

Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Phillips Verner alimnunua kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, akampeleka kwenye Maonesho ya Dunia ya St. Louis. Huko alitangazwa kuwa mla watu kwa sababu ya meno hayo, na watazamaji walilipa ili kuyaona. Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mpaka wachungaji weusi wakiongozwa na James H. Gordon walipopinga.

Mwaka 1910 Gordon alimhamishia Lynchburg, Virginia, na meno yake yakavishwa vifuniko ili afanane na wenyeji. Alijifunza Kiingereza na kufanya kazi katika kiwanda cha tumbaku.

Vita Kuu ya Kwanza ilipomzuia kurudi kwao alikata tamaa. Tarehe 20 Machi 1916 alivunja vifuniko hivyo, kisha akajiua.

Mwaka 2020 shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi.