John Newton: Neema ilimpa ujasiri wa kuitazama dhambi yake



Wapo Wakristo wanaotubu dhambi ile ile mwaka baada ya mwaka. Ukifika mkesha, wanalia kwa ajili yake. Mhubiri mgeni akiita watu mbele, wanatoka tena. Wengine hupitisha miaka bila kuikaribia Meza ya Bwana, na wengine huongeza sadaka bila furaha, kama mtu anayelipa deni kwa awamu. Ukiwauliza kama Yesu amewasamehe, watajibu ndiyo. Lakini wanaishi kama mtu aliyetoka mahabusu kwa dhamana, ambaye kesi yake haijaisha.

Kama wewe ni mmoja wao, leo nakualika tutazame maisha ya mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuishi hivyo.

John Newton alizaliwa London, Uingereza, tarehe 24 Julai 1725. Baba yake alikuwa nahodha. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alimfundisha Biblia na nyimbo angali mdogo, lakini alifariki John akiwa hajatimiza miaka saba. Akiwa na miaka 11 alianza kusafiri baharini na baba yake. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la majini. Alitoroka, akakamatwa tena na kuchapwa viboko. Baadaye alihamia meli ya biashara ya watumwa, akaishia kwenye pwani ya Sierra Leone akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa. Huko aliteswa na kulala njaa. Imani ya mama yake alikuwa ameshaitupa, na walioamini aliwadhihaki.

Machi 1748, akiwa njiani kurudi nyumbani katika meli iliyoitwa Greyhound, dhoruba kali iliipasua meli usiku. Mabaharia walipiga pampu kutoa maji mpaka nguvu zikawaishia. Katika saa zile Newton alimlilia Mungu aliyekuwa akimkana. Meli haikuzama. Tangu hapo, kila tarehe 21 Machi, aliikumbuka siku hiyo kwa maombi na shukrani hadi uzeeni.

Wengi wetu tungependa hadithi iishie hapo: mtu ameokoka, akaacha dhambi, basi. Haikuwa hivyo. Baada ya dhoruba ile Newton aliendelea na biashara ya watumwa, tena akapanda cheo. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha. Alisoma Biblia na kuwaongoza mabaharia wake katika sala za Jumapili, huku chini yake wanaume, wanawake na watoto wa Kiafrika wakiwa wamefungwa. Sisi tunaojua habari za Bagamoyo na soko la Zanzibar hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Wala hakuacha kwa kuchomwa na dhamiri. Aliacha mwaka 1754 kwa sababu ugonjwa wa ghafla ulimwangusha alipokuwa akijiandaa kwa safari nyingine.

Alipata kazi ya forodha bandarini Liverpool, na mwaka 1764 akawekewa mikono kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Akapelekwa Olney, mji mdogo wa wafuma lesi maskini. Katika chumba chake cha kusomea aliandikisha ukutani mstari wa Kumbukumbu la Torati 15:15, unaowakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri na Bwana akawakomboa.

Fungua Biblia yako uone mstari huo umekaa wapi. Umo ndani ya sheria ya kuwaacha huru watumwa. Mungu anawaagiza watu wake wamwachilie mtumwa katika mwaka wa saba, tena wasimwache aende mikono mitupu, kwa sababu wao wenyewe walikombolewa. Newton aliishi na neno hilo ukutani miaka mingi kabla ya kusema hadharani juu ya biashara aliyoifanya. Neema ilikuwa na subira naye, lakini haikumwacha alivyo.

Olney ndiko alikoandika wimbo ambao leo unaimbwa duniani kote, hata kwetu kwa Kiswahili: Amazing Grace. Inaaminika kuwa aliutunga kwa ajili ya ibada ya Januari 1, 1773, alipohubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, mahali ambapo Daudi anashangaa yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo.

Mwezi huo huo, rafiki yake William Cowper aliugua. Cowper alikuwa mshairi, mtu mpole, ambaye hakuwahi kumfunga mtu mnyororo. Ugonjwa wa huzuni nzito ulimshika, akasadiki kwamba Mungu amemkataa. Newton na mke wake Mary walimchukua wakakaa naye nyumbani kwao zaidi ya mwaka mmoja. Hawakumkemea kwa kukosa imani. Mwaka 1779 kitabu cha nyimbo 348 kilitoka kikiwa na nyimbo za wote wawili. Cowper hakupona kabisa hofu ile, lakini nyimbo zake ziliendelea kuwafariji wengine.

Tazama watu hawa wawili. Mwenye damu za watu mikononi aliweza kulala, na asiyemdhuru mtu alitetemeka. Basi, msomaji, uzito wa hatia moyoni mwako si kipimo cha jinsi Mungu anavyokutazama. Hisia zinaweza kutuhukumu mahali ambapo Mungu amekwisha kutusamehe. Paulo anapoandika kwamba hakuna hukumu ya adhabu kwa walio ndani ya Kristo (Warumi 8:1), hasemi habari za wale tu wanaojisikia hivyo.

Lakini usinielewe vibaya. Mtu anaweza kusema amesamehewa ili asiulizwe. Newton angeweza kujificha hivyo. Mwaka 1780 alihamia kanisa la St Mary Woolnoth, London. Mwaka 1785 kijana mbunge, William Wilberforce, alimwendea kwa siri kutafuta ushauri, naye akamtia moyo abaki bungeni amtumikie Mungu huko. Kisha mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Alieleza aliyoyaona na aliyoyafanya, akaungama kwamba alichelewa kusema. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge.

Hapo ndipo utaona tofauti kati ya hatia na neema. Hatia ina njia mbili tu: kuficha au kulipa. Anayeficha hasemi ukweli, na anayelipa hamalizi deni. Neema inamwambia mtu kwamba deni limelipwa msalabani, kwa hiyo sasa anaweza kufungua daftari bila kuogopa. Zakayo hakurudisha mara nne ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu alitangulia kuingia, ndipo Zakayo akafungua mkoba (Luka 19:1-10).

Machi 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo. Newton alifariki Desemba 21 mwaka huo huo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandaa mwenyewe. Hakuficha humo kwamba aliwahi kuwa kafiri na mpotovu. Akaongeza tu kwamba Kristo alimhurumia na kumsamehe.

Mpendwa, ile dhambi unayoitubia kila mkesha, uliyokwisha kuiungama, iache pale ulipoiweka. Badala ya kuililia tena, uliza swali jingine: je, yupo niliyemuumiza ambaye sijamwendea? Ipo haki ya mtu ambayo bado iko mikononi mwangu? Nenda kwake wiki hii. Usiende ili usamehewe. Nenda kwa sababu umesamehewa.