Charles Kettering: Jamaa aliyetuondolea hendeli

Siku hizi kuwasha gari ni mchezo. Fundi wa waya anakufungia kifaa cha rimoti chini ya dashibodi, unabonyeza ukiwa bado unamaliza chai, na huko nje injini inanguruma. Lakini wajua kile kifaa hakina nguvu yoyote ya kuzungusha injini? Kinafanya kazi ya ufunguo tu, yaani kinaiamuru stata izunguke. Na hiyo stata ya umeme iliingia kwenye magari kupitia jamaa mmoja, Charles Kettering.

Alizaliwa 1876 katika shamba karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yalimsumbua sana. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kusomea uhandisi, macho yakamshinda, akaacha. Sisi tulioacha chuo tunajua vile watu huanza kukuangalia. Yeye alienda kufanya kazi na kikosi cha kujenga laini za simu, akapanda hadi akawa msimamizi. Baadaye alirudi darasani, wenzake wakawa wanamsomea vitabu, na 1904 akahitimu akikaribia miaka 28.

Kazi aliipata Dayton, kwenye kampuni ya National Cash Register iliyounda mashine za pesa za madukani. Huko alibuni mota ndogo ya umeme ya kuendesha mashine hizo, ili muuzaji asizungushe kwa mkono. Hapo ndipo aling'amua kitu: mota kama hiyo haifanyi kazi siku nzima. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu inapumzika na kupoa.

1909, yeye na mwenzake Edward Deeds wakaanzisha kampuni ya Delco. Karakana yao ya kwanza ilikuwa banda nyuma ya nyumba ya Deeds.

Enzi hizo gari liliwashwa kwa hendeli. Unasimama mbele ya gari, unazungusha kwa nguvu zako zote. Cheche ikiwaka mapema, injini inarudisha teke na mkono unavunjika. Inasimuliwa kwamba mtengenezaji magari Byron Carter alimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezima, hendeli ikamvunja taya, na baadaye akafa kwa nimonia. Henry Leland, mkubwa wa Cadillac, aliumia sana, na Kettering akapewa kazi ya kuimaliza hendeli.

Wataalamu wengi waliona haiwezekani. Walipiga hesabu ya mota ya kuzungusha injini bila kuchoka, wakapata dude zito kupita kiasi. Kettering alikumbuka mashine ya pesa. Injini ikishawaka haihitaji mota tena, kwa hivyo mota ndogo inaweza kulazimishwa kwa sekunde chache bila kuungua. Tena aliipa kazi ya pili: injini ikizunguka, mota hiyo hiyo inageuka jenereta na kuchaji betri. Cadillac za 1912 zikatoka na stata ya umeme pamoja na taa za umeme. Sasa hata mtu asiye na misuli angeweza kuwasha gari mwenyewe.

Rimoti ya leo inamalizia kazi hiyo, lakini usiifunge kiholela. Gari la manual likiachwa kwenye gia litaruka mbele likiwashwa, kwa hivyo kifaa hiki kinafaa zaidi gari la automatic. Mwambie fundi aunganishe swichi ya breki na ya boneti, ili injini izime mtu akikanyaga breki bila ufunguo au akifungua boneti. Na usiwahi kuwasha gari ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake unaua kimyakimya.

Moshi wenyewe ndio upande mwingine wa Kettering. Aliongoza utafiti wa General Motors kuanzia 1920 hadi 1947. Chini yake, 1921, Thomas Midgley aligundua kwamba petroli ikitiwa madini ya risasi injini haigongi. 1924 wafanyakazi waliotengeneza dawa hiyo walikufa kwa sumu yake. Biashara haikukoma, na Kettering ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Ethyl, kampuni iliyoiuza. Risasi huharibu ubongo wa watoto, na sisi pia tuliivuta: Kenya iliachana na petroli hiyo 2006. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho, 2021.

Kettering alifariki 1958 mjini Dayton, akiwa na hataza zaidi ya 100. Jina lake liko kwenye taasisi ya utafiti wa saratani ya Sloan-Kettering, New York, aliyosaidia kuianzisha 1945. Ukibonyeza rimoti kesho, mshukuru kwa stata. Ile petroli yenye risasi pia usiisahau, ilitoka kwenye maabara yake.