AZ-ZAHRAWI: TABIBU ALIYESHONA NYUSO ZA WATU



Ni saa kumi na moja jioni, mwezi wenyewe ni huu mtukufu, na jikoni kwenu hapapitiki. Uwe unakaa Makongeni pale Thika au Ruiru, mambo ni yale yale: karai la mafuta liko motoni, sambusa zinaingia, kaimati zinangoja zamu yake, na mtoto wa miaka mitatu anazunguka miguuni mwa mama. Wewe mwenyewe unajua hutokea nini. Adhana ya Magharibi inawakuta watu kwa matatu, wanakimbilia Thika Level 5, mtoto amefungwa kwa leso. Alhamdulillah, anapona. Lakini baada ya miezi kadhaa unaona vidole viwili vimeshikana, au kovu limevuta shingo mpaka kichwa hakigeuki vizuri. Hapo ndipo huanza maneno ya watu. Ati ni mapenzi ya Mungu, mwacheni hivyo hivyo.

Sasa nikusimulie habari za Muislamu mmoja ambaye aliandika, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, vidole kama hivyo vifanywe nini.

Jina lake kamili ni Abul Qasim Khalaf ibn Abbas az-Zahrawi. Wazungu walishindwa kulitamka wakamwita Abulcasis au Albucasis. Alizaliwa yapata mwaka 936 Miladia, karibu na mji wa Kurtuba (Cordoba), Andalusia, nchi ambayo leo ni Uhispania. Hilo jina az-Zahrawi ni la mji wake, Madinat az-Zahra, ambao Khalifa Abdulrahman wa Tatu aliuanzisha mwaka huo huo wa 936. Kutoka Kurtuba mpaka huko ni kama kilomita 8 tu, pungufu ya mwendo wako wa matatu kutoka Ruiru hadi Thika. Pia huitwa al-Ansari, yaani nasaba yake inarudi kwa wale watu wa Madina waliompokea Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Kurtuba ya zama hizo ilikuwa mji wa elimu. Al-Hakam wa Pili, aliyetawala tangu 961 hadi 976, alikuwa mtu wa vitabu kweli kweli, na inasimuliwa kwamba maktaba yake ilikuwa na vitabu laki nne. Az-Zahrawi anatajwa kuwa mmoja wa matabibu wa jumba lake. Kuhusu nyumba yake, wake zake na watoto wake, waliomwandika hawakutuachia mengi. Alichotuachia yeye ni kazi yake, na kupitia hiyo kazi tunamjua vizuri kuliko wafalme wengi.

Kitabu chake kinaitwa kwa kifupi At-Tasrif. Kina sehemu 30, na alikimaliza karibu na mwaka 1000, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Aliwaandikia wanafunzi wake, ambao humo ndani anawaita watoto wake. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyomletea jina: ni ya upasuaji, na ndani yake alichora ala za kazi karibu 200. Visu, makasi, sindano, kulabu, vyuma vya kuchomea. Alizichora ili fundi wa chuma aweze kuzitengeneza na mwanafunzi ajue ni ipi anashika. Wapasuaji wa kabla yake waliandika maneno. Huyu alikuonyesha.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Kwa sababu aliona watu wakiuawa na matabibu wasiosoma. Mwanzoni mwa sehemu hiyo ya upasuaji anaeleza visa alivyoshuhudia mwenyewe, na si visa vya kupendeza. Kuna mwanamke aliyekuwa na uvimbe shingoni. Tabibu mjinga akaupasua bila kujua mishipa ya damu inapita wapi, akaikata, na yule mama akavuja damu mpaka akafa mbele yake. Kuna mtumishi aliyevunjika mguu karibu na kisigino, na penye mvunjiko palikuwa na kidonda. Tabibu wake, tena tabibu mkubwa wa kulipwa na mtawala, akafunga bendeji kwa nguvu juu ya kidonda akamwacha siku kadhaa. Az-Zahrawi alipoitwa, mguu ulishaoza. Akaifungua ile bendeji, lakini walikuwa wamechelewa. Ndiyo maana akawakazania wanafunzi wake kwamba asiyejua maumbile ya mwili yalivyo ndani asiguse kisu.

Turudi kwenye ngozi na makovu, maana ndiyo habari yetu.

Chukua mtu aliyekatwa pua, mdomo au sikio. Az-Zahrawi ana sura nzima juu ya hilo. Kidonda kikiwa kibichi, anasema ukutanishe kingo zake na uzishone mara moja. Lakini je, mgonjwa akija amechelewa, kila upande umeshapona kivyake na pengo limebaki? Hapo ndipo akili ya huyu mtu inapoonekana. Anafundisha kwamba ukwangue ile ngozi ya juu pande zote mbili mpaka damu itoke, ndipo uzikutanishe na kuzishona, kisha unyunyize unga wa ubani pamoja na utomvu mwekundu wa mti, ufunge na uache siku mbili tatu kabla ya kufungua. Ngozi iliyopona haishikani na ngozi iliyopona. Lazima zote mbili ziwe mbichi. Msingi huo madaktari wanaufuata mpaka leo wanaporekebisha kovu la zamani: wanakata kingo kuukuu kwanza, ndipo wanashona.

Na vile vidole vya mtoto? Anaeleza kwamba vidole vinaweza kushikana tangu kuzaliwa, au kwa sababu ya kidonda au kuungua kulikopona vibaya. Vitenganishe kwa kisu. Lakini kazi haijaisha, kwa sababu ukiviacha hivyo vitashikana tena. Kwa hiyo weka katikati utambi uliolowekwa mafuta ya waridi, au kipande chembamba cha madini ya risasi, mpaka kila kidole kiote ngozi yake. Siku hizi daktari hutoa ngozi sehemu nyingine ya mwili, paja kwa mfano, akaipandikiza pale palipofunguliwa. Mbinu imebadilika. Tatizo ni lile lile aliloliona yeye.

Aliandika pia juu ya kope zinazogeukia ndani na kuchoma jicho, juu ya kidole cha sita, na juu ya wanaume ambao vifua vyao huota kama vya wanawake wakaona haya mbele ya watu. Huyu wa mwisho hakumcheka. Alieleza namna ya kukata kwa umbo la mwezi mwandamo, kutoa mafuta yaliyo chini ya ngozi, na kushona. Tena kuna msichana mtumishi aliyejijeruhi koo kwa kisu. Az-Zahrawi aliitwa, akakuta bomba la pumzi limekatika, akalishona. Akapona, ila sauti ilibaki ya kukwaruza.

Nisikufiche, si kila alichofanya kinafaa leo. Alipenda sana chuma cha moto. Hata mdomo sungura wa watoto aliutibu kwa kuuchoma, kitu ambacho leo hakuna daktari atakifanya. Mdomo huo sasa hushonwa mtoto akiwa bado mchanga. Kwa hiyo usije ukachukua maneno yake ukaenda kujaribu nyumbani.

Jambo moja huwashangaza vijana wengi: sehemu ya 19 ya kitabu chake ni ya vipodozi. Naam, vipodozi! Manukato, rangi za nywele, mafuta ya kulainisha mikono. Aliviona kuwa tawi la utabibu, yaani mambo ya mtu anayejua dawa.

Hapa dada yangu, na hata wewe kaka, tusemezane kidogo. Kile kikopo cha mafuta ya kung'arisha uso kinachouzwa sokoni bila maandishi ya kueleweka, kimetengenezwa na nani? Mafuta mengi ya kujichubua yamekutwa na zebaki au haidrokwinoni, na hapa Kenya yamepigwa marufuku, lakini bado yanapenya. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Na kovu lile linaloota na kuvimba baada ya kutoboa sikio au kuungua, linaloitwa kiloidi, huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi kama sisi. Ukimpa mtu wa mtaani alikate tu, mara nyingi hurudi kubwa kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi huanza kwa sindano za dawa ndani ya kovu lenyewe, na akikata hufuatisha matibabu mengine ya kulizuia. Yule tabibu aliyepasua shingo ya mwanamke Andalusia bado ana ndugu zake mitaani kwetu.

Wengine huuliza, je, kurekebisha uso si kubadilisha maumbile ya Allah? Swali zuri. Kubadilisha umbo kwa kutafuta urembo tu, kama kuchanja chale za rangi na kuchonga meno, kumekatazwa katika Hadithi. Lakini katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kuna habari ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani zama za Jahiliya. Alijiwekea pua ya fedha ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa mwanamume ina katazo lake. Maulamaa wengi hutegemea habari hii kusema kwamba kurudisha kilichoharibika ni matibabu. Kwa jambo lako mahususi, muulize sheikh wako, na daktari wako pia.

Kitabu cha az-Zahrawi kilisafiri kuliko yeye. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini katika mji wa Toledo. Mwaka 1465 Sabuncuoglu, tabibu wa Amasya, alikitegemea kuandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki. Na 1497 kikapigwa chapa Venice. Ulaya ilikisoma karne nyingi. Hata kwetu fani hii ina historia yake. Wale wapasuaji watatu walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957, iliyokuja kuwa AMREF, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wa upasuaji wa kurekebisha ngozi na nyuso. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Uzeeni az-Zahrawi aliona fitna. Waislamu wa Andalusia walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1010 Madinat az-Zahra, mji aliozaliwa nao mwaka mmoja, ukaporwa na kuchomwa. Yeye alifariki karibu mwaka 1013. Mji ulifunikwa na udongo mpaka walipoanza kuufukua mwaka 1911. Kurtuba leo kuna mtaa wenye jina lake.

Allah amrehemu. Na jioni ya leo, karai likiwa motoni, mtoto apelekwe sebuleni. Akiungua, bahati mbaya, ni maji baridi ya bomba dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai na samli viacheni kabatini.

Ramadhan karim.